Fundi Asiyeng'oa Thamostati

Kutoka Kisumu hadi Kericho barabara hupanda mita zipatazo 1,000. Hadi Awasi gari kuukuu hujiendea tu kwenye tambarare ya Kano, madirisha wazi, redio juu. Kisha mlima unaanza kulidai. Kufika Kapsoit abiria wameshafunga vioo na kuvaa sweta, na ni hapo hapo, kwenye baridi, mshale wa joto unapoanza kupanda. Mgeni hushangaa: gari limestahimili jua la Ahero, lije lichemke kwenye ukungu?

Sababu ya kwanza ni mzigo. Injini inavuta kwa gia ndogo, inazunguka mno huku gari likitambaa, na upepo unaopita kwenye rejeta ni haba. Sababu ya pili ni maji yenyewe. Kwenye mwinuko wa Kericho, mita 2,000 na ushei juu ya bahari, maji huchemka yakifika nyuzi 93 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ni mfuniko wa rejeta. Springi yake huyabana kwa shinikizo ambalo katika magari mengi linakaribia baa moja, na kiwango cha kuchemka kikapanda kupita nyuzi 110. Ndiyo maana mfuniko uliochakaa mpira, ambao kule Mombasa ungejificha miezi mizima, hapa huumbuka siku ya kwanza ya kupanda.

Lakini ni wangapi huanza na mfuniko? Tiba iliyozoeleka barabarani ni kung'oa thamostati na kuitupa, kwa hoja kwamba kifaa hicho ni cha nchi za theluji. Kwanza, anayesema hivyo hajawahi kuwasha gari Kericho saa kumi na moja alfajiri. Thamostati hufunga njia ya maji mpaka injini ifike nyuzi 82 au karibu na hapo, ndipo ifungue. Ukiing'oa, injini inakunywa petroli bure, oili inachafuka mapema, na ule ugonjwa wa asili unabaki pale pale ukingoja mlima mwingine. Ute wa yai na bizari ya manjano, vinavyomiminwa kwenye rejeta inayovuja, vitakufikisha nyumbani. Havitakufikisha mwezi ujao.

Ninayemsifu mimi ni fundi wa aina nyingine, na nimemwona akifanya kazi Litein, kwenye uwanja wa matope nyuma ya maduka. Mzee huyo hagusi gari la moto. Corolla iliyoletwa jioni ikitoa mvuke aliiacha ilale. Asubuhi, kabla ya kushika spana yoyote, aliuminya mpira wa juu wa rejeta kwa vidole viwili. Ulikuwa laini. Ungekuwa mgumu ilhali injini imelala usiku kucha, angeshuku moshi wa silinda unapenya gasketi ya hedi na kuingia kwenye maji. Akafungua mfuniko, akawasha injini, akainama kutazama kama mapovu yanakuja mfululizo. Hayakuja.

Kijana wake naye alikuwa amefungua kifuniko cha oili na kukuta chini yake povu jeupe, zito kama uji. “Mzee, gasketi imekwisha,” akasema kwa furaha, maana hiyo ni kazi ya pesa. Mzee hakumjibu. Akamgeukia mwenye gari: “Mama, hii gari huwa unaenda nayo wapi?” Mama akasema ni kituo cha majani chai, sokoni na nyumbani, basi. Mzee akachukua kitambaa, akapangusa lile povu, akamtuma kijana aendeshe gari mpaka Kapkatet na kurudi. Povu halikurejea, na kijiti cha oili kilikuwa safi. Ulikuwa unyevu tu wa asubuhi za ukungu, katika injini isiyopata safari ndefu ya kuukausha. Hapo mama yule aliokolewa gharama ya kufungua hedi, na simjui mwingine pale uwanjani ambaye angemwokoa.

Kisha likaja swali ambalo kwangu ni nusu ya ufundi wote: “Inachemka ukisimama ama ukipanda?” Ikichemka imesimama, tazama feni. Ikichemka ikipanda, tazama njia ya maji. Ilikuwa ya kupanda. Mzee akazima injini iliyokwisha kupata joto, akapitisha kiganja kwenye uso wa rejeta kutoka juu hadi chini, akasita. Theluthi ya chini ilikuwa baridi. Mirija ilikuwa imezibwa na kutu, matunda ya miaka ya maji ya mtoni bila kulanti, ambayo wengi hudhani kazi yake ni kuzuia barafu tu, kumbe huzuia kutu pia. Rejeta ilikuwa ya shaba, ya zamani, kwa hiyo iliwezekana kuyeyusha risasi, kung'oa tangi la juu, kupitisha ukanda mwembamba wa chuma mrija kwa mrija, kisha kulehemu upya. Rejeta za siku hizi, alumini yenye matangi ya plastiki, hazikubali heshima hiyo.

Wazee wengi wa kazi hii walifunzwa na Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978 na kubeba abiria wa masafa marefu kote Kenya. Lilikuwa mwalimu mkali. Hedi yake ni ya alumini, bloku ni ya chuma, na laina za silinda zimesimama ndani ya maji yenyewe. Ukiinyanyua hedi kwa papara zikafuata, au ukazungusha injini kabla hujazibana, muhuri wa chini unaachia na maji yanashuka kwenye oili. Aliyepita kwenye mikono ya 504 hawezi kufunga hedi bila kwanza kulaza rula ya chuma juu yake na kupima mwanya; magari mengi hayavumilii mpindo unaozidi milimita 0.05. Boliti hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu.

Rejeta iliporudi, gari la mama liligeuzwa pua likatazama mlimani, ili hewa iliyonaswa ipande na kutokea mdomoni maji yakijazwa. Miteremko ni kitu kimoja ambacho gereji za Kericho na Bomet hazinunui.

Basi ukichemsha huko, simama, zima, na usiguse mfuniko mpaka injini ipoe. Mtafute fundi anayeuliza kabla ya kufungua. Na akikuambia kilichokufa ni mfuniko tu, usimlipe bei ya mfuniko pekee. Mlipe na ile saa aliyokaa akitazama.