Wapokeaji wa Pembeni: Namna ya Kupima Mgawanyo wa Muda wa Kucheza

Katika soka, anayetolewa ameshamaliza kazi siku hiyo. Futiboli ya Marekani haiko hivyo. Tangu 1950 ligi ya NFL inaruhusu mabadiliko bila kikomo: mpokeaji wa pembeni, yaani anayerushiwa mpira, hutoka, akapumzika jaribio moja (mchezo mmoja, tangu mpira unapoanzishwa hadi unaposimama), kisha akarudi. Uhuru huo unampa kocha kazi kubwa, na kazi hiyo ina kipimo chake. Mgawanyo bora ni ule unaompa kila mpokeaji kazi anayoiweza bila kumwonyesha mpinzani kinachofuata. Usawa wa dakika si hoja.

Hesabu walioingia. Kila timu ina wachezaji 11 uwanjani. Ukiondoa kwotabeki anayerusha mpira na watano wa mstari wa mbele wanaomlinda, zinabaki nafasi tano za wakimbizaji mpira, taitiendi (wanaozuia na pia kupokea) na wapokeaji. Makocha huutaja mpangilio kwa tarakimu mbili: ya kwanza ni wakimbizaji, ya pili ni taitiendi. Mpangilio wa 11 una wapokeaji watatu. Wa 12 una wawili. Kwa hiyo kabla hujalalamika kwamba mpokeaji wa tatu ananyimwa nafasi, angalia timu inapenda mpangilio upi.

Tazama nafasi kabla ya jina. Mpokeaji aitwaye X husimama kwenye mstari wenyewe, mara nyingi peke yake, uso kwa uso na beki. Aitwaye Z husimama hatua moja nyuma, hivyo ni rahisi kumsogeza kabla mpira haujaanzishwa. Wa tatu hucheza ndani zaidi, kwenye msongamano, anakohitaji wepesi wa kugeuka. Akiba bora ni yule anayezijua nafasi zaidi ya moja. Mwaka 2018, mpokeaji Cooper Kupp wa Los Angeles Rams aliumia goti mwezi Novemba. Mpokeaji mwenzake Josh Reynolds akapata dakika nyingi zaidi, na timu ikafika fainali ya Super Bowl, ikafungwa 13–3 na New England Patriots. Mpangilio ulidumu, lakini kuziba nafasi si kuziba kipaji. Pima kila kimoja peke yake.

Chunguza kama mpinzani anaweza kubashiri. Mpokeaji anayeingia tu wakati wa kukimbiza mpira ni tangazo kwa mabeki. Mfuatilie kila anapoingia: je, mpira hurushwa pia? Hapa ndipo thamani ya mpokeaji anayejua kuzuia inapoonekana. Hines Ward wa Pittsburgh Steelers alidaka mipira 1,000 katika maisha yake ya NFL, na bado alisifika kwa kuwazuia mabeki ili wenzake wapite. Mchezaji wa namna hiyo hana sababu ya kutolewa kwa ajili ya mbio wala kwa ajili ya pasi.

Angalia miguu. Jaribio likiisha, saa ya sekunde 40 huanza kuhesabu kuelekea jaribio linalofuata. Aliyetoka kukimbia yadi 40 kwa kasi yote anaweza kurudi mstarini akihema. Kocha mzuri humpumzisha jaribio moja badala ya kumwacha atembee. Matunda yake utayaona robo ya nne: je, bado anamwacha beki nyuma?

Usidanganywe na idadi ya mipira iliyodakwa. Mpokeaji anaweza kukimbia njia yake vizuri mchezo mzima, akawavuta mabeki wawili, na asirushiwe mpira ila mara chache. Ukitaka kujua kocha anamwamini nani, tazama jaribio la tatu linapohitaji yadi nyingi, yaani pasi inapohitajika zaidi. Watakaokuwa uwanjani wakati huo ndio safu yake ya kwanza, hata kama orodha ya timu inasema vingine.

Timu yenye nyota mmoja asiyetoka kamwe na akiba wanaoingia kwa kazi moja tu imegawa vibaya, hata ikishinda. Timu ambayo wapokeaji wake wanne au watano wanaingia na kutoka, na mabeki bado hawajui mpira unakwenda wapi, imeifanya kazi hii ipasavyo.