Hotuba ya Paulo Mbele ya Waathene

Msomaji kijana, hotuba haipimwi kwa maneno yake tu. Yafaa kuuliza pia ilinenwa mbele ya nani. Hebu tuipime hivyo hotuba ya Paulo iliyomo katika Matendo ya Mitume, mlango wa 17, ambayo yakadiriwa ilitolewa yapata mwaka 50.

Wasikilizaji wake walikuwamo Waepikureo na Wastoiko, watu wa elimu, na Luka ataja kwa kejeli kidogo jinsi Waathene walivyopenda habari mpya. Walimwita Paulo kwa neno la Kiyunani linenalo ndege adonoaye mbegu, yaani mtu aokotaye maarifa ya wengine. Tazama jinsi alivyowajibu. Hakuanza na vitabu vya Wayahudi, wasivyovijua. Alianza na madhabahu yao wenyewe, kisha akayatumia maneno ya Aratus, mshairi mwenye asili ya Kilikia kama yeye. Maneno hayo yalitungwa kumhusu Zeu. Paulo akayaelekeza kwa Mungu aliyemhubiri. Huo ndio ustadi wake, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa kuwa aazimaye neno huazima na maana yake ya zamani.

Jambo hili si geni kwetu wa Kianjokoma. Wamisionari wa Kianglikana walipofungua kituo Kigari mwaka 1910, Waembu walikuwa na jina la Mungu tayari: Ngai, aliyehusishwa na Mlima Kenya. Wahubiri walilichukua jina hilo, na hata leo Mkristo wa huku humwomba Ngai. Je, mahubiri yalilishinda jina, au jina liliyashinda mahubiri?

Paulo atupa jibu. Aliazima, lakini hakubembeleza. Katika mji uliojaa mahekalu alisema kwamba Mungu hakai katika mahekalu, na mwishoni akautaja ufufuo, uliowachekesha baadhi yao. Kasoro ya hotuba ni kwamba ufufuo huo waingia ghafula, na jina la Yesu halitajwi kamwe.

Wengine walidhihaki, wengine wakaahirisha, wachache wakaamini, miongoni mwao Dionisio na Damari. Wako waonao kwamba hotuba ilishindwa. Mimi sioni hivyo. Msemaji aliyewasikiliza watu kwanza, kisha akawaambia wasilolipenda, amewaheshimu mara mbili. Nawe utakapoandika au kujadiliana, fanya vivyo hivyo.