Zaidi ya Sura: Uzuri, Sauti na Utu katika Wasifu wa Siti binti Saad

Uhakiki wa kazi za Shaaban Robert (1909–1962) umezoea kulijibu swali la uzuri kwa kauli moja: uzuri wa kweli ni tabia. Kauli hiyo ina msingi. Katika Adili na Nduguze, Hasidi na Mwivu wanageuzwa manyani, na umbo hilo jipya linadhihirisha kile ambacho majina yao yalikwisha kukitangaza. Hata hivyo, jibu linalotosheleza katika hadithi ya kubuni halitoshelezi katika wasifu. Mtunzi wa hadithi anaweza kumpa mhusika umbo linalolingana na nafsi yake. Mwandishi wa wasifu humpokea mtu kama alivyokuwa. Kwa sababu hiyo, Wasifu wa Siti binti Saad ni matini muhimu zaidi kwa mjadala huu kuliko hadithi za maadili. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba, katika wasifu huo, suala la uzuri linavuka jozi iliyozoeleka ya sura na tabia, na kuwa suala la nani anayestahili kuhesabiwa mtu.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, katika miaka ya 1880, akapewa jina la Mtumwa. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata baadaye. Familia yake ilikuwa ya wafinyanzi, naye akatembeza vyungu huku akivinadi kwa sauti yake. Alihamia mjini mwanzoni mwa karne ya 20, akafunzwa uimbaji wa taarabu na Ali Muhsin, kisha mwaka 1928 akasafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri. Shaaban Robert alikutana naye muda mfupi kabla ya kifo chake cha Julai 1950. Kwa hiyo, masimulizi ya wasifu yanatokana kwa sehemu na mtu aliyekuwa akiyatazama maisha yake kutoka mwisho wake.

Kiini cha mjadala ni kijembe alichotungiwa na waliomwonea kijicho. Kijembe hicho kilimshambulia kwa mambo yanayoonekana kuwa tofauti: sura yake, asili yake ya shamba, na kaniki aliyokuja nayo mjini. Mhakiki akiyatenganisha mambo hayo, atapoteza maana yake. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wakati Siti akiwa bado kijana. Katika miongo iliyofuata, mavazi yalikuwa miongoni mwa alama zilizosomwa haraka zaidi katika kubaini nani alitoka katika utumwa na nani alikuwa muungwana. Kaniki ilikuwa vazi la watumwa na maskini. Hivyo, aliyeitaja sura yake na kaniki yake kwa pumzi moja hakuwa akitoa hukumu ya kisanaa kuhusu uso wa mtu. Alikuwa akimrudisha mahali alipotoka. Ubaya wa sura, katika muktadha huo, ulikuwa jina jingine la unyonge wa nasaba.

Jibu la Siti linathibitisha usomaji huu. Hakudai kwamba yeye ni mzuri, wala hakukana asili yake. Alikikataa kipimo chenyewe: sura na ukoo havikuwa hoja kwake, na hasara aliyoiona ni ya mtu kupungukiwa na akili. Tofauti kati ya kukana hukumu na kukataa kipimo ni kubwa. Anayekana hukumu anakubali mamlaka ya hakimu, akitaka tu uamuzi ubadilishwe. Anayekataa kipimo anamwondolea hakimu mamlaka.

Hapa ndipo usomaji wa kimaadili uliozoeleka unapodhihirisha udhaifu wake. Kusema kwamba Siti hakuwa mzuri wa sura lakini alikuwa na tabia njema ni kumfariji huku ukiidhinisha tusi. Neno lakini ndilo linalobeba mzigo: linauacha uso wake uhukumiwe na mahasidi, kisha linaiita tabia ije kulipa deni. Wasifu wenyewe hauepuki kabisa mantiki hiyo ya fidia, kwa kuwa mwandishi anakubali kwamba Siti hakujaliwa sura kabla ya kuzitukuza karama nyingine. Lakini matukio anayoyasimulia yanaizidi nguvu mantiki hiyo.

Methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza inaweza kulifafanua jambo hili. Kwa kipimo cha methali hiyo, msichana anayetembea na vyungu kichwani ni upande wa kibaya kinachojitembeza. Ila katika maisha ya Siti, kule kutembea ndiko kulikoizoesha sauti kusikika mbali. Kazi iliyohesabiwa kuwa dalili ya udhalili ndiyo iliyokuwa chuo cha kwanza cha sanaa yake. Mafunzo ya mjini yakaongezea ujuzi ambao mwanamke wa shamba hakutarajiwa kuwa nao. Kwa hiyo, si sahihi kuieleza sauti hiyo kuwa tunu ya maumbile peke yake, kana kwamba Mungu alimnyima kwa mkono mmoja akampa kwa mwingine. Ilikuwa pia matokeo ya jasho na mafunzo. Santuri nazo zilikamilisha jambo ambalo jibu lake lilianzisha: ziliitenga sauti na uso, zikaipeleka kwa wasikilizaji ambao hawakuwahi kumwona, na ambao kwao swali la sura halikuwa na pa kushika.

Sauti hiyo ilitumika kwa nini? Laura Fair, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2001, ameonyesha jinsi nyimbo za Siti na wenzake zilivyofungamana na maisha ya watu wa Ng'ambo na malalamiko yao dhidi ya wenye nguvu na mahakama. Wimbo wa Kijiti, unaohusu mauaji ya mwanamke mgeni mjini Unguja, ni mfano unaofahamika zaidi. Mwanamke aliyetukanwa kwa sababu ya asili yake aliwaimbia waliodhulumiwa. Katika hatua hii, uzuri unakutana na utu, kwa maana ya uwezo wa kumwona mwingine kuwa mtu pale ambapo jamii imekataa kumwona.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kudaiwa kwamba maelezo haya yanaifuta dhana ya uzuri, kwa kuwa kila jambo jema sasa litaitwa zuri. Ni kweli kwamba kivumishi -zuri katika Kiswahili kinabeba wema na urembo kwa pamoja. Lakini sauti si wazo tupu. Inatoka kifuani na kooni, inasikika, inapendeza au inachukiza. Uzuri wa Siti ulikuwa wa mwili, ila ni mwili unaotenda, si mwili unaotazamwa. Zaidi ya sura, basi, hakumaanishi nje ya mwili. Kunamaanisha kumtoa mtu katika nafasi ya kitu kinachokaguliwa na kumweka katika nafasi ya mtendaji.

Usomaji huu una athari mbili kwa utafiti wa fasihi ya Kiswahili. Kwanza, dhana ya uzuri katika kazi za Shaaban Robert haiwezi kuchambuliwa kwa ukamilifu bila historia ya utumwa na matabaka ya pwani. Pili, mhakiki anayetumia wasifu huu kufundisha kwamba tabia inapita sura anapaswa kuuliza kwanza ni nani aliyeihukumu sura hiyo, na kwa maslahi ya nani. Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilipohitaji jina la jarida lake, kilichagua Sauti ya Siti. Kumbukumbu ya umma ilikwisha kufanya uteuzi ambao uhakiki bado unauchelewesha.