Usimulizi Upya na Suala la Hatia: Maoni juu ya Call of Duty: Modern Warfare (2019)

Huenda baadhi ya wasomaji wakashangaa kuona mchezo wa video ukihakikiwa katika kurasa zilizozoea riwaya, tamthilia na tenzi. Tunawaomba watuvumilie. Mchezo tunaoujadili una wahusika, una msuko, una mazungumzo yaliyotungwa na waandishi, na wanafunzi wetu wengi wanaujua vizuri kuliko vitabu tunavyowasomesha. Isitoshe, mwandishi wa makala haya si mgeni katika uwanja huu. Aliucheza mchezo asilia mara nyingi tangu ulipotolewa mwaka 2007, na huu wa 2019 aliungoja kwa hamu. Haya, basi, ni malalamiko ya mpenzi, wala si ya adui.

Call of Duty 4: Modern Warfare ulitungwa na Infinity Ward na kutolewa na Activision. Fani yake ni ile ya kawaida katika michezo ya namna hiyo: mchezaji huuona ulimwengu kwa macho ya askari, bunduki ikiwa mbele yake, na kazi yake ni kufyatua. Lakini watunzi waliigeuza fani hiyo ikamwelekea mchezaji mwenyewe. Karibu na mwanzo mchezaji ni rais aliyepinduliwa; anapitishwa mjini ndani ya gari, na hana awezalo kufanya ila kugeuza kichwa huku na huku mpaka apigwe risasi. Baadaye ni Sajini Paul Jackson, askari wa Marekani, ambaye helikopta yake inarudi vitani kumwokoa rubani aliyeanguka. Rubani anapatikana. Kisha bomu la nyuklia linalipuka, helikopta inaanguka, na Jackson anajikokota nje katika mji uliokwisha kuangamia. Mchezaji hubonyeza vitufe, akasogea hatua chache, pasipo adui wala amri wala mahali pa kwenda. Kisha Jackson anakufa. Tulipofika hapo mara ya kwanza tulidhani tumekosea. Tuliirudia sehemu hiyo mara tatu tukitafuta namna ya kumponya, mpaka tukatambua kwamba namna hiyo haikuwekwa.

Katika sehemu nyingine mchezaji yumo ndani ya ndege ya kivita, juu sana, usiku. Watu walio chini ni vidoa vyeupe tu kwenye kioo, na wanajeshi wenzake wanavizungumzia vidoa hivyo kwa sauti ya makarani wahesabuo magunia bandarini. Hakuna amwambiaye mchezaji kwamba anatenda ovu. Sauti ile yatosha. Hatudai kwamba mchezo huo haukuwa na ila: nchi ya Kiarabu inayovamiwa haikupewa hata jina, na wenyeji wake karibu wote ni shabaha tu. Hata hivyo, aliyeshika bunduki alibaki akiutazama mkono wake mwenyewe.

Mchezo wa 2019, uliotungwa na Infinity Ward hao hao, si mwendelezo wala si chapa iliyosafishwa. Chapa ya namna hiyo ilikwisha kutolewa mwaka 2016, kazi ya Raven Software. Huu ni usimulizi upya. Jina ni lile lile, namba ikiwa imeondolewa, na Kapteni Price anarudi akiwa na sauti ya mwigizaji mwingine. Kwa upande wa fani hatuna budi kuusifu. Iko sehemu ambamo askari wanaingia gizani katika nyumba moja mtaani Camden, London, wakapanda ngazi chumba kwa chumba, na mchezaji hana budi kuamua kwa nukta moja kama mtu aliye mbele yake ananyosha mkono kuchukua silaha au mtoto. Ni kazi ya mafundi. Tena yuko Farah Karim, kiongozi wa wapiganaji wa Urzikstan, nchi ya kubuni; mchezo wa kwanza haukuwa na mwenyeji hata mmoja wa kumfananisha naye. Kwa hiyo tuliendelea tukitumaini kwamba upungufu wa zamani umerekebishwa.

Ndipo tulipofika kwenye sehemu iitwayo Highway of Death, yaani Barabara ya Mauti. Magari yaliyoungua yametapakaa barabarani, na Farah anaeleza kwamba Warusi waliishambulia barabara hiyo kwa mabomu wakati wa uvamizi, wakawaua watu waliokuwa wakikimbia.

Jina hilo lina mwenyewe. Mnamo Februari 1991, majeshi ya Iraki yalipokuwa yakiondoka Kuwait kuelekea Basra, ndege za Marekani na washirika wake ziliushambulia msafara wao njiani. Mamia ya magari yaliteketea, na picha zake zilionekana duniani kote. Barabara hiyo ndiyo iliyokuja kujulikana kwa Kiingereza kuwa Highway of Death. Mchezo umelichukua jina, ukayachukua na magari yaliyoungua. Kilichobadilishwa ni mtendaji.

Wanafunzi wa fasihi simulizi watatukumbusha kwamba kila msimulizi ana haki ya kubadilisha. Ni kweli. Kisa cha Fumo Liyongo kilisimuliwa na kuimbwa kwa muda mrefu kabla Muhammad Kijumwa hajakitungia utenzi mwaka 1913, na masimulizi yake hayafanani. Wako wasemao kwamba aliyemchoma shujaa kwa sindano ya shaba kitovuni ni mwanawe; wengine husema ni mpwawe. Sindano hiyo yaweza kuhama mkono, lakini haitoki nyumbani. Hatujapata kusikia simulizi ambamo Liyongo anauawa na mgeni aliyeshuka jahazini, kwani hapo kisa kingekuwa kingine, na wasikilizaji wangekwenda kulala bila kuwatazama jamaa zao. Wasimulizi wa 2019 waliitoa sindano nje.

Jambo hili si la sehemu moja tu. Katika hadithi hiyo, gesi ya sumu ndiyo alama ya unyama wa Jenerali Barkov, Mrusi, na Farah tunamwona akiwa mtoto mdogo akiikimbia. Lakini mchezaji akitoka kwenye hadithi na kushindana na wenzake, anayeua wengi mfululizo anaweza kutuzwa ruhusa ya kuwamwagia wapinzani fosforasi nyeupe, nao wakikohoa na kuungua. Kule mhusika analilia hewa, huku mchezaji anapewa sumu kuwa bahashishi, na watunzi hawakuona haja ya kuziunganisha pande hizo mbili hata kwa sentensi moja.

Tumeambiwa na wenzetu kadhaa kwamba tunaudhika bure, kwa kuwa Urzikstan haimo katika ramani yoyote, na nchi ya kubuni haiwezi kuisingizia nchi ya kweli. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama Warusi nao wangekuwa wa kubuni. Tena waandishi walioweza kubuni nchi nzima, pamoja na historia ya uvamizi wake, hawakushindwa kuibunia barabara moja jina lake.