Falstaff: Verdi alivyotunga akikaribia miaka 80

Giuseppe Verdi alikuwa na miaka 79 opera yake ya mwisho, Falstaff, ilipooneshwa kwa mara ya kwanza La Scala, Milan, tarehe 9 Februari 1893. Wengi huustaajabia umri huo wakaishia hapo. Mimi naona ufundi wenyewe ndio wa kustaajabiwa: mzee huyu alijifunza kusema mengi kwa machache.

Kwanza alijipangia kazi. Mwaka 1889, Arrigo Boito, mshairi aliyeandika maneno ya opera hiyo, alipomletea mpango wake, Verdi alimkumbusha umri wake na kumuuliza itakuwaje nguvu zikimwishia njiani. Wakakubaliana iwe siri yao wawili. Hakufungwa na mkataba wala tarehe. Alitunga kidogo kidogo, misiba ya marafiki ikimsimamisha, kisha akarudi. Boito naye alipunguza wahusika wa mchezo wa Shakespeare uliokuwa chanzo cha opera hiyo, wakabaki kumi.

Ufupi huo umeingia hadi ndani ya muziki. Pale Falstaff, mhusika mkuu ambaye sasa ni mzee mnene, anapomsimulia Alice, mwanamke anayemtongoza, alivyokuwa kijana mwembamba, wimbo wake hauchukui hata dakika moja. Katika opera zake za ujanani, Verdi angeurefusha na kuurudia ili mwimbaji apigiwe makofi. Hapa unapita mbio, na mazungumzo yanaendelea.

Sikiliza mwanzo wa tendo la tatu. Falstaff ametoka kutupwa mtoni Thames, amelowa, ana uchungu na dunia nzima. Anakunywa divai ya moto. Kadiri inavyompasha, mtetemo wa noti mbili jirani zinazopokezana kwa kasi unaanza kwa sauti ndogo, ala moja inaupokeza kwa nyingine, mpaka okestra nzima inatetemeka. Ulevi unaopanda kichwani tunausikia hatua kwa hatua, bila wimbo mkubwa wowote.

Mwishoni mwa tendo la kwanza wanaimba watu tisa kwa pamoja. Wanawake wanne wanakwenda kwa mapigo ya sita kwa nane, wanaume watano kwa mapigo mawili mapana. Kila kundi linapanga njama zake, na juu yao sauti ya Fenton, mmoja wa wanaume hao na kijana aliyependa, inaelea peke yake. Vurugu hiyo imepimwa noti kwa noti.

Opera inafungwa kwa fuga, mtindo mkongwe ambao sauti moja huanza na nyingine hufuata kwa kuiga. Ni zoezi gumu la darasani, naye akaligeuza kicheko cha jukwaa zima. Tayari mwaka 1889 alikuwa amemwandikia Boito kwamba anajifurahisha kwa kutunga fuga.

Hata baada ya onyesho la kwanza alirudi kwenye tendo la pili akakata sehemu aliyoona inachelewesha mchezo. Kijana mwenye kipaji anaweza kubuni wimbo mtamu. Kujua upi ukatwe, na wapi, Verdi alikupata kwa zaidi ya miaka 50 ya kuliandikia jukwaa.