Pongezi kwa wapiga picha wa ufukwe wa Bukoba

Anayetaka jua linalozama ziwani aende Musoma. Bukoba iko magharibi mwa Ziwa Victoria, kwa hiyo jioni jua hupotelea nyuma ya vilima, na majini huchomoza muda mfupi kabla ya saa moja asubuhi. Ndiyo maana nawavulia kofia wapiga picha wetu: wako ufukweni kungali giza, wakati mitumbwi ya dagaa inarudi na taa zake.

Lenzi pana ina ujanja wake. Kwa milimita 16, kisiwa cha Musira hunywea kikawa kidoa tu. Mwenye kuijua kazi huinama hadi karibu agusane na jiwe lililolowa, akalijaza chini ya picha, kisiwa kikabaki na kazi yake ya mbali. Kisha filta yenye giza nusu ya juu hutuliza anga bila kuyazima maji. Ile nyeusi ya hatua kumi hugeuza sekunde 1/60 kuwa sekunde 17 hivi. Mawimbi yanakuwa ukungu, na mtumbwi unaopita hufutika. Mimi naupenda mtumbwi, kwa hiyo filta hiyo naiona inatumika kupita kiasi. Ya kupunguza mng'ao nayo, kwenye lenzi pana, huacha doa jeusi angani.

Jioni hawalali: mwanga wa mgongoni huipaka Musira dhahabu.

Wenye hoteli na wachapaji wa kalenda, mkizitumia picha hizi, walipeni na majina yao myaandike.