Rafu Isiyo na Kono

Rafu ya ukutani isiyo na kono ni ubao unaojitokeza ukutani bila mguu, bila pembe ya chuma chini yake na bila kichwa cha skrubu kinachoonekana. Kinachoibeba kimo ndani yake na ndani ya ukuta. Katika nyumba za Kampala, kuanzia vyumba vya kupanga vya Kamwokya hadi majumba ya Muyenga, rafu hizi zimeanza kushika nafasi ya yale makabati ya vioo yanayomeza upande mzima wa sebule. Wengi huziona pambo jepesi. Kwa seremala ni miongoni mwa kazi zenye kutaka akili nyingi, maana humlazimu aijue mbao na aujue ukuta, kisha afiche ujuzi wote huo mteja asiuone.

Rafu hufuata ukuta, na nyumba ya jadi ya Waganda haikuwa na ukuta wa kufuatwa. Ilikuwa ya mviringo, nyasi zikishuka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Muzibu Azaala Mpanga ya Kasubi, iliyojengwa mwaka 1882 kuwa jumba la Kabaka (mfalme) Muteesa wa Kwanza na kugeuka kaburi lake miaka 2 baadaye, ndiyo mfano mkubwa wa ujenzi huo. Humo paa na ukuta ni kitu kimoja, na ubao ulionyooka hauna pa kuegemea. Pwani mambo yalikuwa kinyume. Nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 zina kuta nene za matumbawe na chokaa, na katika vyumba vya ndani mafundi waliziwekea zidaka, safu juu ya safu, zenye nakshi za plasta, zipangwe sahani na bakuli za kauri kutoka Uchina. Kidaka huingia ukutani. Ukuta wa tofali wa Kampala ni mwembamba, hauna nafasi ya kuingiwa. Chombo kikitaka kukaa juu yake, sharti ubao utoke nje. Tamaa ni ileile ya bibi wa Lamu, ya kuviinua vitu vizuri juu ya sakafu vionekane. Kilichobadilika ni hesabu ya kuvishikilia.

Useremala wa kupima kwa rula na kuunga pembe mraba uliingia Buganda pamoja na kuta zilizonyooka. Alexander Mackay, mhandisi Mskoti aliyefika kwa Muteesa mwaka 1878 na misheni ya Kianglikana, alifundisha vijana kazi za mbao na za chuma sambamba na kusoma. Makerere, ambayo leo hutajwa kwa madaktari, wanasiasa na waandishi wake, ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Si wahitimu wengi wanaokumbuka kwamba chuo chao kilianzia kwenye randa. Siku hizi kazi hiyo iko zaidi barabarani kuliko chuoni. Ndeeba huuza mbao, na Bwaise, pamoja na Nsambya kando ya barabara ya Ggaba, huanika vitanda na makochi mbele ya karakana, huku vumbi la msumeno likichanganyika na lile jekundu la njia.

Mbao ndiyo hatua ya kwanza, na hapo ndipo haraka huharibu. Mvule ni mgumu, haupendwi na mchwa, na rangi yake hukolea kadiri miaka inavyopita. Lakini umeadimika na bei yake si ya kila mtu. Mugavu nao ni imara, ila ni mzito, na uzito wa rafu yenyewe huhesabiwa kabla ya chombo cha kwanza kuwekwa. Musizi ni mwepesi na hurandika kwa urahisi, ila haudumu. Paini ya mashamba ya miti ndiyo inayopatikana kwa wingi, na tatizo lake kubwa si udhaifu bali maji: mara nyingi huuzwa ikiwa mbichi. Ubao mbichi ukishawekwa ukutani hukauka huko, ukajipinda, na rafu iliyokuwa sawa siku ya kwanza ikaanza kumwaga kalamu baada ya miezi. Fundi mwangalifu huzipanga mbao zake kivulini kwa wiki kadhaa, akiweka vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, na mteja mwenye pupa humwona mvivu.

Rafu yenyewe mara nyingi si ubao mmoja mzito, ni sanduku. Kwanza hutengenezwa kiunzi: mti mmoja wa kulala ukutani, na vipande vifupi vinavyotoka mbele yake kama meno ya kitana. Kiunzi hiki hufungwa ukutani kwa skrubu. Kisha sanduku lililo wazi upande wa nyuma, lenye ubao wa juu, wa chini, wa mbele na viziba vya kando, huvishwa juu ya kiunzi hadi liguse plasta. Skrubu mbili nyembamba hupigwa kutoka chini, na kazi imefungika. Uzuri wote uko kwenye kuvisha huko. Sanduku likilegea hata kidogo, ncha ya mbele itainama. Likibana mno, fundi atalipiga nyundo na kuipasua plasta. Kinachotakiwa ni sanduku kuingia kwa kusukumwa na viganja, likikwaruza kidogo. Kipimo hicho hakipatikani kwa rula peke yake, hupatikana kwa kuranda, kujaribisha, kuvua na kuranda tena.

Halafu kuna nguvu isiyoonekana. Vitu vya kilo 12 vilivyosambazwa sawasawa kwenye rafu yenye kina cha sentimita 24 hufanya kazi kana kwamba uzito wote uko sentimita 12 kutoka ukutani. Kama skrubu za kiunzi ziko sentimita 4 juu ya ukingo wake wa chini, zitavutwa kutoka ukutani kwa nguvu ya kilo 36, mara 3 ya mzigo wenyewe. Rafu ikitanuliwa hadi kina cha sentimita 32 kwa mzigo uleule, mvuto hupanda hadi kilo 48. Lakini kiunzi kikiongezwa kimo, skrubu zikakaa sentimita 6 juu ya ukingo, rafu ya awali huzivuta kwa kilo 24 tu. Hii ndiyo sababu rafu nzuri za aina hii ni nene. Anayetaka ubao mwembamba, mpana, na wa kupanga vitabu juu yake anaomba vitu vitatu visivyokaa pamoja. Mita moja ya vitabu hupita kilo 20 bila shida.

Kwa hiyo ukuta ndio mbebaji halisi, na kuta za Kampala hazifanani. Tofali za kuchomwa hutoka tanuri moja zikiwa na tabia tofauti: zilizokaa karibu na moto huwa ngumu, za pembezoni hubaki laini. Fundi hausomi ukuta kwa macho, maana plasta imeufunika. Huusoma kwa unga unaotoka kwenye tundu wakati wa kutoboa. Unga mwekundu humwambia yumo ndani ya tofali, na hapo hutulia. Unga wa kijivu ukiendelea baada ya plasta kwisha ni dalili ya kiungo cha saruji na mchanga, basi huhamisha tundu sentimita chache. Ncha ya drili ikizama ghafla, amekuta uwazi, pengine tofali zenye matundu za kiwanda cha Kajjansi, na kishikio cha kawaida cha plastiki kitazunguka humo bila kushika chochote; panahitajika cha kutanuka nyuma ya uwazi. Ukuta wa udongo na fito haufai kabisa kwa rafu hii, na fundi mkweli husema hivyo na kukataa pesa.

Plasta nayo ina vilima na mabonde. Pimamaji huweka kiunzi sawa, lakini mwanya utabaki kati ya sanduku na ukuta mpaka ukingo wa nyuma uchorwe kufuata mkunjo wa plasta na kuchongwa. Mafundi wengi huuziba mwanya huo kwa jasi na rangi. Huonekana vizuri kwa mwaka mmoja.

Juu ya rafu hukaa maisha ya nyumba: picha ya mahafali, picha ya kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba), Msahafu au Biblia, chupa ya chai, vikombe visivyoguswa mpaka mgeni afike. King'amuzi kilipata makao yake hapo baada ya mitambo ya analojia kuzimwa jijini mwaka 2015, nacho kinahitaji nafasi ya kupumua na tundu la waya nyuma. Katika muzigo, ule upangaji wa chumba kimoja unaogawanywa kwa pazia, kila hatua ya sakafu ina kazi yake, na rafu iliyo juu ya kichwa huongeza nafasi isiyolipiwa kodi. Mpangaji sharti aombe ruhusa ya kutoboa, na achague ukuta usio juu ya kitanda: tetemeko la Septemba 2016 lililoipiga Bukoba lilisikika hadi Kampala, na chombo kisicho na ukingo wa kukizuia huteleza mbele.

Anayeagiza rafu Nsambya au Bwaise hana haja ya kujua hesabu hizi zote. Aombe jambo moja tu kwa fundi: kukiona kiunzi kikiwa tupu ukutani, na kuning'inia juu yake kwa mikono miwili, kabla sanduku halijavishwa.